Kanuni ya Ntandu

Profesa Damari Ntandu alikuwa mtu wa kufurahia kuharibika kwa vitu. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Vya kwake vikiharibika alinuna kama wewe na mimi. Lakini mfumo wa benki ukizimika mwisho wa mwezi, watu wakapanga foleni na kutukana mpaka walinzi wakaona haya, yeye alisimama pembeni akitabasamu peke yake, kama mtu aliyepewa kadi ya harusi asiyoitegemea. Alitaka kujua mfumo umeanguka vipi, ulianza kuumwa lini, na kwa nini haukusema. Hilo la tatu ndilo lililompa shahada zake, safari zake, uprofesa wake, na ofisi yenye kiyoyozi ambacho nacho hakikuwa kizima.

Alianza zamani, alipokwenda kusoma ughaibuni kwenye baridi ya kukausha masikio. Huko alikuta wataalamu wenye miwani wakigombania swali moja. Kompyuta mbili zinafanya kazi pamoja, moja haioni nyingine. Ya kwanza itajuaje kwamba ya pili ni nzima? Wataalamu wale walikuwa wamejaza mbao na mbao kwa hesabu za kutisha. Damari, msichana wa Sepuka, akawaambia jambo lililokuwa wazi kwake tangu utotoni: ziamkiane. Moja itume salamu, nyingine ijibu. Anayejibu kwa wakati ni mzima, asiyejibu tumhesabu mgonjwa, tukamtazame. Akaliandikia hesabu zake, akaitetea tasnifu, wenye miwani wakapiga makofi, na tangu siku hiyo vitabu vya somo lile vikaliita jambo hilo Kanuni ya Ntandu.

Ukiwa na kanuni yenye jina lako unabadilika, hakuna ubishi. Profesa alitembea haraka kuliko watu wengine wa Dodoma, alikula amesimama, na alikuwa na hasira za karibu. Wanafunzi walimpenda wakiwa wameshamaliza chuo. Aliyemvumilia kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Daktari Nathan Msengi, Mnyiramba mpole wa Kiomboi, mhadhiri aliyekuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa msaidizi wake. Nathan alikuwa na upara uliokuja mapema. Profesa aliamini ni wa urithi. Wahadhiri wengine waliamini ni wa Profesa.

Sasa Damari alikuwa amebakiza muhula mmoja kustaafu, na kabla ya kuondoka alitaka kanuni yake ifanye kazi nyumbani, ichote maji. Ndipo ukaja mradi wa visima. Vijiji kadhaa vya Wilaya ya Ikungi vilifungiwa pampu za sola, na kila pampu ikapewa mhudumu mwenye simu. Kila asubuhi mfumo ulimtumia mhudumu meseji: Habari ya pampu? Jibu NZURI au MBAYA. Akijibu NZURI, mfumo unasema: Asante, siku njema. Akijibu MBAYA, au asipojibu mpaka mchana, fundi anapanda pikipiki kutoka Singida mjini. Maneno yale aliyaandika Profesa mwenyewe, maana Nathan alipoyaandika yalikuwa marefu mno.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Tangu kilimo mpaka mavuno ya alizeti, hakuna pampu hata moja iliyoharibika. Wahudumu wote walijibu kila siku, wote nzuri. Fundi wa Singida alikaa bure mpaka akaanza kufuga kuku wa mayai. Wafadhili walifurahi, wakaitisha mkutano Ikungi siku ya Alhamisi ili waamue kuupeleka mfumo mkoa mzima. Gazeti la chuo likatoa picha ya Profesa akiwa ameshika bomba.

Profesa ndiye hakufurahi. Alikaa na ripoti ya mradi mezani akaiangalia kama mama anayeangalia mtoto aliyenyamaza chumbani.

“Nathan,” akaita. “Umewahi kuona programu isiyoharibika?”

“Hapana, Profesa.”

“Na pampu je?”

“Hapana, Profesa.”

“Sasa pampu iliyofungwa kwenye programu, msimu mzima, vijiji vyote?”

Nathan alivuta pumzi, akafungua mdomo. Lakini Profesa alikuwa ameshachukua ufunguo wa gari. Hofu yake ilikuwa moja na aliijua kwa jina: kwamba Alhamisi atasimama mbele za watu wa kwao, akasifiwa kwa kitu ambacho si kweli, kisha ikaja kujulikana akiwa ameshastaafu, hana tena ofisi ya kujitetea. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa kuhakikisha mifumo haisemi uongo. Akasema wanakwenda Sepuka kesho yake, Jumanne, wakajionee.

Pampu ya Sepuka waliikuta inang'aa. Mhudumu wake, Mzee Gaspari, alikuwa ameisugua mpaka ukiinama unajiona. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa alichopewa na mradi, na alikuwa amekivaa, kama majirani walivyosimulia baadaye, tangu siku alipokabidhiwa, ibadani na shambani. Kwenye nguzo ya sola alikuwa amefunga mbuzi.

Profesa, ambaye Dodoma alisalimia watu akiwa ameshawapita, hapa hakuwa na ujanja. Kaburi la baba yake lilikuwa upande wa pili wa korongo. Akashuka kwenye gari, akakunja mikono.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti Ntandu. Habari za Dodoma?”

“Nzuri.”

“Za kazi?”

“Nzuri, mzee. Habari za hapa?”

“Za hapa nzuri tu. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo. Na mama hajambo?”

“Mama hajambo, anakusalimu. Safari mmesafiri salama?”

“Salama. Mvua zilinyesha vizuri?”

“Zilinyesha. Alizeti tumepata. Na huyu kijana ni wetu?”

“Ni Mnyiramba.”

“Si mbaya,” akasema Mzee Gaspari, akampa Nathan mkono. Kisha wakahamia kwenye Kinyaturu, lugha ya kwao, wakaulizana ya shangazi, ya mkwe aliyehamia Manyoni, ya ng'ombe, ya mtama, mpaka kukawa hakuna mtu wala mnyama aliyebaki kuulizwa. Mzee akatua kidogo, akakohoa.

“Ila pampu imekufa,” akasema.

Profesa alimtazama. “Imekufa lini?”

“Siku nyingi. Alizeti ilikuwa bado haijatoa maua.”

“Mzee, leo asubuhi umejibu NZURI.”

“Nimejibu. Na jana nilijibu.” Mzee Gaspari alijinyoosha ndani ya kizibao. “Sijawahi kuruka hata siku moja. Hata nilipokuwa na homa nilimpa mke wangu simu, akanijibia.”

“Pampu imekufa, unajibuje kwamba ni nzuri?”

“Niliamkiwa, binti Ntandu. Mtu amekuamkia asubuhi, hata hajakaa, umrukie na misiba yako?”

“Kulikuwa na neno MBAYA pale.”

“Nililiona.” Mzee alishusha sauti, kama anayemfichia mtu siri ya familia. “Sisi wahudumu tulizungumza, tukaona limeingia kwa bahati mbaya. Tukasema tusikuaibishe.”

“Basi kwa nini hukusema baadaye?”

“Baadaye ipi? Nikishajibu tu inaniambia siku njema, inakwenda zake. Siku moja niliikimbilia, nikaandika: ila pampu haitoi maji. Ikanijibu kwamba jibu langu halieleweki, nijibu NZURI au MBAYA. Nikaona inataka ugomvi. Nikaijibu nzuri, tukaachana kwa amani. Usinichukie, lakini aliyekilea kile kitu hakukifundisha kukaa na watu.”

Nathan aligeuka akatazama mbuzi. Profesa alipomfuata kwa macho aliona waya uliotoka kwenye sola ukishuka kwenye nguzo, ukaishia karibu na pale mbuzi alipofungwa, umetafunwa vizuri mpaka shaba inaonekana.

“Huyu mbuzi ni wa nani?” akauliza.

“Mbuzi wana mambo,” akasema Mzee Gaspari, akatazama upande wa barabara.

Wakati huo wanawake watatu walipita wakitoka korongoni, walikochimba maji mchangani, ndoo vichwani, kanga zimelowa mabegani. Walimtambua. Walisimama na ndoo zao, wakapiga magoti kidogo kwa heshima, na yule wa mbele akasema, “Karibu nyumbani, Profesa. Tunashukuru sana kwa maji.”

Hapo Damari aliona aibu. Si aibu ya mkutanoni, ya slaidi kugoma. Ile unakohoa, unacheka, inapita. Hii ilimshika miguu. Alitaka kumkaripia Gaspari, akaona hawezi. Alitaka kuwaambia wale wanawake wamtukane tu, waache kushukuru, akaona hawatakubali. Akaitikia, “Asanteni, mama zangu,” nao wakaendelea na safari.

Wakaingia garini. Mpaka wanafika Ihanja, kijiji kingine chenye pampu, Profesa alikuwa amekwishajenga maelezo kichwani, na yalianza kumpa nafuu. Tatizo ni meseji. Meseji imeuliza habari kwa mtu wa Singida, na mtu wa Singida akiulizwa habari anajibu nzuri kwanza. Shida zake zinakuja nyuma, baada ya heshima kutimia. Yeye mwenyewe ni Mnyaturu, amezaliwa humo humo, na amesahau kusubiri.

Mhudumu wa Ihanja, Bi Rukaiya, alikuwa mjane mchapakazi ambaye salamu zake hazikuwa fupi kuliko za Gaspari, ila alizitoa huku akipepeta mtama. Zilipokwisha akasema pampu yake inatoa maji asubuhi, ikifika saa nne inakoroma, inazima. Kisha akamwelekezea Nathan ungo. “Lakini si nilimpigia simu huyu baba? Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Akasema atakufikishia.”

Profesa alimgeukia Nathan taratibu.

“Ulijua?”

“Nilikuandikia barua pepe, Profesa.”

“Hujaniandikia.”

Nathan hakubisha. Alimwomba atafute kwenye simu yake, akamtajia mwezi. Barua ilikuwepo. Ilianza kwa kumtakia Profesa afya njema, ikamuulizia mzee wake wa nyumbani na wajukuu, ikagusia baridi ya Dodoma, ikasema yeye Nathan ni mzima na kazi zinaendelea. Baada ya hapo ndipo ilipofika kwenye “ila”, na kuanzia hapo pampu za Ihanja na Sepuka na nyingine zote mbovu zilielezwa moja moja. Chini ya barua hiyo kulikuwa na jibu la Profesa, lililotumwa kabla mtu hajamaliza kupiga chafya: “Nzuri, asante.”

“Ungekuja ofisini,” akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

“Nilikuja. Kila asubuhi unaniuliza habari za mradi, Profesa. Nikisema nzuri unakuwa umeshafika kwenye ngazi.”

Bi Rukaiya aliendelea kupepeta, kwa sababu kuna maneno ambayo mtu wa pembeni hatakiwi kuonekana ameyasikia. Lakini alitabasamu kwenye ungo.

Jumatano walikaa Ikungi, kwenye mgahawa wa nyumba ya wageni, laptopu juu ya meza yenye kitambaa cha maua. Profesa alimwachia Nathan aandike meseji upya, na akajilazimisha kutomkatisha. Ilikuwa kazi kwelikweli. Mara mbili alikwenda kuosha mikono isiyo michafu. Mfumo sasa ungeamkia kama mtu. Ungeuliza habari za asubuhi, usubiri. Ungeuliza za nyumbani, usubiri. Za shamba, za mifugo, usubiri tena. Baada ya hapo ndipo ungeuliza ya pampu, kisha mwisho kabisa ungeuliza kama kuna kingine. Lile neno MBAYA lilifutwa.

“Vizuri,” akasema Profesa. “Kesho asubuhi itume.”

“Sawa, Profesa. Kuna jambo jingine, lakini si la meseji. Ni la kanuni yenyewe—”

“Baada ya Alhamisi, Nathan. Nina mengi.”

Nathan akafunga laptopu.

Alhamisi ukumbi wa Ikungi ulijaa. Wahudumu wote waliletwa, na Mzee Gaspari alikuwa mstari wa mbele, kizibao kimepigwa pasi. Juu ya meza kuu kulikuwa na bango kubwa lililosema mfumo hauna hitilafu. Mwakilishi wa wafadhili, Bwana Calist, mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu, alikuwa ameshakaa, na mbele yake kulikuwa na karatasi ya makubaliano na kalamu iliyofunguliwa.

Nathan alimsogelea Profesa kwa nyuma akiwa amebeba laptopu kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Meseji mpya ilikuwa imetumwa alfajiri, na majibu yalikuwa yanaingia tangu hapo, hayakomi. Pampu hii imekufa. Ile inatoa matope. Hapa koki iliibwa, tunamjua aliyeiiba, ni mtoto wa ndugu, tunaomba lisifike mbali. Pale tenki limepasuka. Katikati ya hayo kulikuwa na goti linalouma, ndama aliyepotea, mchumba aliyeghairi, na mhudumu mmoja aliyeuliza kama mfumo nao umeamkaje, maana siku zote haujawahi kuulizwa.

“Tuonyeshe slaidi zipi?” Nathan akanong'ona. “Za zamani au hizi?”

Kabla hajajibiwa, Bwana Calist alishika kipaza sauti. Alishukuru viongozi, alishukuru mvua, akamgeukia mwenyeji wa siku ile. “Profesa Ntandu, sisi hatuna maneno mengi. Tuambie tu, habari za mradi?”

Profesa akapokea kipaza sauti. “Nzuri,” akasema.

Lilimtoka lenyewe. Ukumbi ukapiga makofi, vigelegele vikaanzia kwa wanawake wa Sepuka, na mshereheshaji akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti ili aite kwaya. Profesa alikiona kile kiganja mbele yake, kimefunguka, kinasubiri. Akili yake ilimwambia, kwa haki kabisa, kwamba hakusema uongo. Ameulizwa habari, amejibu kama anavyojibu kila mtu aliyekaa humu ndani. Angeweza kukaa. Kalamu ilikuwa tayari imefunguliwa. Mshereheshaji akakishika kipaza sauti, akavuta. Profesa naye akavuta. Kwa muda walivutana hivyo mbele ya wageni, wote wawili wakitabasamu.

“Ila,” akasema Profesa kwa nguvu, na kipaza sauti kikapiga mluzi ukumbi mzima ukaziba masikio.

Akaeleza. Hakupamba. Alisema pampu nyingi ni mbovu, zimekuwa mbovu tangu kabla ya mavuno, na yeye alikuwa Dodoma akipigwa picha na bomba. Alimwambia Nathan aweke majibu ya asubuhi ukutani, na watu wakayasoma, goti na ndama na mchumba vikiwemo. Wahudumu walianza kwa kuona haya, kisha mmoja akasimama kusahihisha kwamba tenki lake halijapasuka, limepinda, mwingine akasema la kwake ndilo lililopasuka, na mwisho watu walikuwa wanagombania ubovu kama watu wanaogombania sifa. Mzee Gaspari alisimama akatamka hadharani kwamba mbuzi ni wake. Alipigiwa makofi.

Tabasamu la Bwana Calist lilikuwa limepata likizo. Aliifunika kalamu. Akasema kuupeleka mfumo mkoa mzima kutangoja, hilo lieleweke. Fedha za mwaka huu zitatengeneza kwanza pampu zilizopo, na yule fundi wa Singida aachane na kuku. Baada ya hapo wataonana. Hakumpa Profesa mkono kwa furaha, lakini alimpa.

Unaweza kudhani Damari aliondoka Ikungi ameinamisha kichwa. Wapi. Alirudi Dodoma akiimba nyimbo za kwaya, anapiga usukani. Alikuwa amepoteza mkoa mzima, lakini alikuwa amepata hitilafu, nyingi, za kweli, zenye tarehe na majina, na hakuna aliyemlazimisha kuzisema. “Umeona, Nathan?” alirudia mpaka Manyoni. “Kanuni iko palepale. Anayejibu kwa wakati ni mzima. Tatizo lilikuwa adabu. Watu wana adabu, mashine hazina, ndiyo maana kwenye mashine haijawahi kukosea.” Nathan alikuwa anatazama nje, mabonde ya Manyoni yakipita. Alisema, “Ndiyo, Profesa,” na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeandika NZURI.

Jumatatu asubuhi Profesa alipanda ngazi za idara kwa mwendo wake ule ule. Mlango wa Nathan ulikuwa wazi.

“Habari za mradi, Nathan?”

“Nzuri, Profesa.”

Alikuwa ameshaupita mlango. Akasimama. Akarudi nyuma hatua chache, akaingia, akatoa mafaili yaliyokuwa kwenye kiti cha wageni, akakaa. Nathan alimtazama kwa wasiwasi, akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu mwingine anayekuja nyuma yake. Hakuna aliyekuja.

“Nyumbani hawajambo?” akauliza Profesa.

“Hawajambo.”

“Kiomboi mvua vipi?”

“Zilinyesha kiasi. Mtama umepatikana.” Nathan alipanga kalamu zake, akazipangua. Profesa alikunja mikono mapajani kama alivyofanya Sepuka, akanyamaza, na ilimgharimu. Mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika wenyewe chini ya kiti.

“Ila, Profesa,” Nathan akasema hatimaye, “si watu tu.”

“Si watu tu nini?”

“Mashine nazo zinafanya hivyo. Nimezijaribu. Unachukua kompyuta, unaiharibia kazi yake taratibu, diski inakufa, majibu ya hesabu yanatoka ya ovyo. Lakini ile sehemu yake inayoitikia salamu ni nzima kabisa. Unaiamkia, inajibu kwa wakati. Kila mara. Na kanuni inasema anayejibu kwa wakati ni mzima.” Alizisogeza kalamu kando. “Kwenye tasnifu yako, pale unapothibitisha, umechukulia kwamba anayejibu salamu na anayefanya kazi ni mmoja. Hujathibitisha. Umepita tu.”

Nje, kwenye korido, wanafunzi walipita wakicheka.

“Umelijua hilo tangu lini?”

“Tangu nilipokuwa mwanafunzi wako.”

Ilimuuma. Acha nisitafute maneno mazuri: ilimuuma kama kufiwa. Aliviona vitabu vile vyenye jina lake, wenye miwani wakipiga makofi, mihadhara, vijana wote waliokariri kanuni ile chini ya macho yake makali. Mwili wake wote ulitaka kusimama, utazame saa, umwambie Nathan asante na siku njema. Ungemhesabia kosa? Alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu, na ngazi zilikuwa hatua chache kutoka pale. Aliuhisi mguu wake ukianza kumwinua.

Akaushika kwa mkono. Akavuta kiti, akakizungusha upande wa Nathan wa meza, wakawa wamekaa bega kwa bega kama wanafunzi wanaochangia kitabu.

“Nionyeshe,” akasema.

Nathan aliifungua tasnifu kwenye laptopu, akateremsha kurasa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja katikati ya hesabu. Damari akavaa miwani. Aliukumbuka mstari ule. Aliukumbuka mpaka jioni aliyouandika, kule kwenye baridi, akiwa na tarehe ya kukabidhi na usingizi machoni. Aliusoma, akaurudia, akapita kwenye hatua ya mbele na kurudi ya nyuma, akitafuta mahali pa kumkatalia Nathan. Hapakuwepo. Lilikuwa kosa la kawaida kabisa, la mtu mwenye haraka.